Rufani na Rufaa: Historia ya Neno na Njia ya Haki

Katika mji mdogo wa Itigi, wilayani Manyoni, Mkoa wa Singida, neno rufaa husikika mahali pawili. Husikika katika Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, ambayo ni hospitali ya rufaa, na husikika pia katika Mahakama ya Mwanzo, pale aliyeshindwa anapoambiwa kwamba anayo haki ya kukata rufaa. Kwa msikilizaji wa kawaida neno ni moja, na maana yake ni moja: jambo lililoshindikana hapa lapelekwa mbele. Sisi tulio katika kazi ya istilahi twaona kwamba ufanani huu una hatari ndani yake. Mtu aweza kupoteza haki yake mahakamani kwa sababu ya neno ambalo alilielewa barabara hospitalini. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya neno hili na ya ngazi za mahakama zinazolitumia, kisha tutoe maoni yetu.

Asili ya neno

Rufaa na rufani ni maneno yenye shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kuinua au kupeleka juu. Yafaa ieleweke kwamba Waarabu wenyewe, wanapotaja rufani ya mahakamani, hutumia neno istinafu, lenye maana ya kuanza tena jambo lililokatika. Kiswahili hakikulichukua neno hilo. Kilichagua picha ya kupandisha: shauri liko chini, nalo lainuliwa likaangaliwe na wakubwa zaidi.

Picha hiyo inatosha kueleza liendako shauri. Haisemi hata kidogo ni nani anayeliinua. Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, na historia yatuonyesha kwamba jibu limebadilika mara kadhaa.

Ngazi za zamani

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikipita Itigi. Wakati huo, chini ya Wajerumani, mashauri ya wenyeji yalisikilizwa na maakida, majumbe na maofisa wa boma. Na neno letu shauri likaingia hata katika maandishi ya Kijerumani. Waingereza walipochukua nchi waliunda Mahakama Kuu ya Tanganyika mwaka 1920, na mwanzoni mahakama za wenyeji ziliwekwa chini ya uangalizi wake.

Mwaka 1929, wakati wa Gavana Donald Cameron, mpango huo uligeuzwa. Mahakama za wenyeji ziliondolewa chini ya Mahakama Kuu zikawekwa chini ya utawala. Basi mtu wa Manyoni asiyeridhika na hukumu ya baraza la mtemi wake alipanda kwa Bwana Shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa Jimbo la Kati aliyekaa Dodoma, na mwisho kwa Gavana. Aliyekuwa akisimamia kodi na barabara ndiye aliyesikiliza rufani. Kwa hali hiyo rufani ilikuwa karibu sana na ombi: mnyonge amlilia mkubwa, na mkubwa akipenda humwinua. Sheria ya mwaka 1951 ilimwondoa Gavana katika ngazi ya juu na kuweka mahakama maalumu mahali pake, lakini njia ya wenyeji ilibaki kando.

Wakati huohuo, mashauri yaliyoanzia katika mahakama za hakimu wa serikali na Mahakama Kuu yalikuwa na njia yake. Yalikwenda katika Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1902, na kutoka hapo yaliweza kufika London, mbele ya kamati ya sheria ya Baraza la Mfalme. Nchi moja, basi, ilikuwa na ngazi mbili za haki.

Ngazi moja

Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962, njia ya London ilifungwa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ikaziunganisha zile ngazi mbili: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Mahakama yake ya Rufani nayo ilikoma; na kwa muda hapakuwa na chombo juu ya Mahakama Kuu, hata mwaka 1979 ilipoundwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Francis Nyalali akiwa Jaji Mkuu. Mwaka 1984 haki za raia ziliingizwa katika Katiba, na miongoni mwake ni haki ya kukata rufani. Kuanzia hapo rufani si ombi la mnyonge tena. Ni haki yake.

Lakini haki hiyo hukabidhiwa mtu mkononi aitumie mwenyewe. Tuchukue mfano wa mkulima wa Itigi ambaye alizeti yake imeliwa na ng'ombe, akadai fidia katika Mahakama ya Mwanzo akashindwa. Kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, anazo siku 30 tangu siku ya uamuzi. Hati yake ya rufani, yenye sababu za kutoridhika, ataipeleka katika Mahakama ya Wilaya, yaani Manyoni, na si kuiacha Itigi. Akishindwa huko naye akataka kwenda Mahakama Kuu, anazo siku 30 nyingine. Safari hii hati huwekwa palepale katika Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi, nayo huipeleka juu pamoja na kumbukumbu za shauri. Kwa miaka mingi mashauri ya Singida yamepelekwa Mahakama Kuu iliyoko Dodoma. Ama kufika Mahakama ya Rufani, sheria ya mwaka 1979 iliweka sharti kwamba shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo lithibitishwe kwanza na Mahakama Kuu kuwa lina hoja ya kisheria.

Kukata na kupewa

Sasa tumlinganishe mkulima huyu na mgonjwa. Zahanati ikishindwa kumtibu, mganga huandika barua ya rufaa na kumtuma mgonjwa mbele. Mgonjwa hupewa rufaa. Anayeinua ni mganga, na pengine mgonjwa mwenyewe hana habari. Mkulima aliyezoea matumizi hayo, akimwambia karani baada ya hukumu, "Mimi sikuridhika, nataka rufaa," aweza kurudi nyumbani akiamini kwamba faili linasafiri. Halisafiri. Siku 30 zikipita hana budi kuomba aongezewe muda, naye atatakiwa kutoa sababu za kutosha. Na kutojua sheria hakuhesabiwi kuwa sababu ya kutosha.

Kinga ya kosa hili imo katika lugha yenyewe, nayo ni kitenzi. Hospitalini rufaa hupewa. Mahakamani rufani hukatwa. Hakimu hukata shauri, na hapo analifunga. Mshindwa hukata rufani, na hapo analifungua upya. Wakazi wa Itigi wanaoishi kando ya reli wanakijua kitenzi hiki vema: tiketi nayo hukatwa. Msafiri ndiye aendaye dirishani, alipe, na aifikie saa ya treni. Mkuu wa stesheni hamkatii mtu aliyelala nyumbani.

Maoni yetu

Kwanza, katika maandishi ya mahakama litumike neno rufani, kama lilivyo katika Katiba na katika jina la Mahakama ya Rufani, na rufaa liachiwe huduma za afya. Pili, mwenye kukata rufani aitwe mrufani, na mpinzani wake aitwe mjibu rufani. Mrufaniwa, ingawa limo katika matumizi, latofautiana na mrufani kwa silabi moja tu, na karani mwenye haraka aweza kuliruka.

Tatu, mfasiri asitosheke na kuandika kwamba "rufani iko wazi" au kwamba "haki ya rufani imeelezwa". Sentensi hizo hazina mtendaji. Na aandike: "Usiporidhika, wewe mwenyewe upeleke hati ya rufani katika Mahakama ya Wilaya kabla ya siku 30 kwisha." Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya sheria na ya utoaji haki, sentensi za namna hii zitaandikwa kwa maelfu. Walimu nao wazifundishe darasani, maana mwanafunzi wa leo ndiye atakayemsomea babu yake hukumu kesho, siku zikiwa zimekwisha kuanza kuhesabiwa.