Mpiga Picha Asiyelipwa

Yafaa tujiulize: mtu apigaye picha pasipo kutaka malipo hutafuta nini? Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya sanduku, Brownie, kwa dola 1, na sanaa iliyokuwa ya mafundi ikawafikia watu wa kawaida. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga, vitu vya namna hiyo vilipata njia nyepesi ya kuingia Usukumani. Mwaka 1940 Williamson aligundua almasi Mwadui. Lakini apigaye picha za mgodi kwa ujira huelekeza jicho kwenye mashine na mawe. Asiyelipwa humwelekea mchimbaji amjuaye kwa jina. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza utotoni kwa Brownie; picha zake za njaa ya Ethiopia, mwaka 1984, ziliutikisa ulimwengu. Basi mapenzi yalitangulia ujira. Hata hivyo, picha isiyoandikwa jina huwa bubu afapo aliyeipiga. Aliye na picha za wazee wake, awe Kambarage au Geita, na aandike majina leo, wangalipo wa kuwatambua.