Amana za Ujiji

Tarehe 23 Oktoba 1871, David Livingstone aliporejea Ujiji kutoka nchi ya Manyema, amedhoofika kwa maradhi na miguu imemjaa vidonda, alikuta ya kwamba vitambaa na shanga alizoletewa kutoka pwani, ambazo ndizo zilizokuwa fedha ya njia ile, zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Habari hii aghalabu husahauliwa, kwani baada ya siku chache tu, tarehe 10 Novemba kwa hesabu ya Henry Morton Stanley, msafara wa Stanley uliingia mjini kwa bendera na milio ya bunduki, na tangu siku hiyo walimwengu wanaikumbuka Ujiji kwa salamu za wageni wawili waliokutana chini ya mwembe.

Mnara wa mawe uliosimama mahali hapo ulijengwa mwaka 1927, na miembe iliyopo leo yasemekana kuwa ni vizazi vya ule wa kwanza. Kwa miaka mingi, mgeni aliyeingia katika nyumba ndogo ya makumbusho iliyo kando yake alilakiwa na sanamu za mabwana wawili wanaoamkiana kwa kuvua kofia. Na mimi sina ugomvi na sanamu hizo, ila nasikitika kwamba mji uliokuwa mkubwa kabla yao umepewa nafasi finyu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858 walikuta watu wamekwisha kufanya biashara hapa kwa miaka mingi: pembe za ndovu na watumwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, na samaki wa kukaushwa. Baadaye ndipo zilipovuma sifa za wafanyabiashara Mwinyi Kheri na Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza. Kisha Wajerumani wakaleta reli kutoka Dar es Salaam, wakaifikisha mwaka 1914, si Ujiji bali Kigoma, kwenye maji ya kina yanayofaa meli. Na tangu hapo mali na ofisi zikahama, Ujiji ukabaki na misikiti yake, wafu wake na kumbukumbu zake.

Hapo ndipo ulipoanza ufukara ambao mtunza athari wa mji huu anaurithi hata leo. Mahali pa ukumbusho pamekuwa mikononi mwa mamlaka za taifa za mambo ya kale, wala si mikononi mwa mji wenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kwa nguvu yake yenyewe majengo ya kabla ya 1863, na mengine hulindwa pale tu waziri anapotangaza. Kwa hiyo nyumba nyingi za zama za Rumaliza, kwa kuwa ni changa kwa miaka michache, hazina mlinzi ila mwenyewe. Nao mji, hata ungetaka kuzilinda, ungezilinda kwa fedha gani? Serikali za miji zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, zikarejeshwa 1978, zikapewa sheria yao mpya 1982. Na mwaka 2003 kodi ya maendeleo, pamoja na ushuru mwingine mdogo mdogo, ikafutwa, jambo lililompunguzia mzigo mwananchi maskini, lakini likaupunguzia mji pato lililokuwa lake. Katika bajeti iliyobanwa namna hiyo, zahanati na choo cha shule hutangulia, na ni insafu vitangulie. Mwaka 2006 njia kuu ya misafara, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, iliwekwa katika orodha ya Tanzania ya maeneo yanayotarajiwa kupelekwa kwa UNESCO ili yawe urithi wa dunia. Hadhi ikapatikana, lakini masurufu hayakuandamana nayo.

Hata hivyo historia hii yenyewe ina mfano wa watu waliotunza amana pasipo fedha. Livingstone alipofariki katika kijiji cha mtemi Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873, watumishi wake Susi na Chuma waliwaita wenzao wote, wakafungua masanduku ya marehemu mbele ya macho ya kila mmoja, na Jacob Wainwright, kijana aliyejua kuandika, akaorodhesha kilichomo: fedha kiasi cha shilingi moja na nusu, kofia, saa, dira, na vyombo vya kupimia. Kisha wakakausha mwili, wakaubeba pamoja na madaftari yake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, bila ya yeyote kuwaahidi ujira. Kwangu mimi, orodha ile iliyoandikwa mbele ya mashahidi ndiyo kazi ya kwanza ya makumbusho katika habari zote za Ujiji, na ilifanywa na watu ambao sanamu zao ndizo zilizostahili kutangulia mlangoni.

Makumbusho ya mji maskini yangeanzia hapo hapo. Daftari, kalamu, na mtu mwaminifu wa kuandika kitu gani kimetoka kwa nani na lini, havizidi uwezo wa halmashauri yoyote. La pili ni paa, kwa maana mvua za masika na mchwa huharibu karatasi upesi kuliko wezi. Ama pato la kudumu, Waislamu wa mwambao na wa Ujiji wanalijua tangu zamani: mtu huweka wakfu duka au shamba lake, kodi ikanunua mikeka na mafuta ya taa ya msikiti, naye msimamizi akatoa hesabu. Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji inayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Na iweke kodi ya vibanda vichache vya soko iwe ya athari za mji peke yake, isiguswe kwa haja nyingine.

Nanyi watu wa Rusimbi na kata jirani, mlio na picha za wazee, hati za nyumba, na milango ya nakshi, fahamuni ya kwamba sheria ile ile ya 1964 inailinda milango iliyochongwa kabla ya 1940. Msiiuze. Iandikeni, kila mmoja katika daftari lake, na jina la aliyeichonga kama bado yuko mzee anayelikumbuka.