Kabla na Baada ya Oprah: Wanawake wa Fizi Mbele ya Mahakama

Nje ya Kongo, historia ya msaada kwa wanawake wa Kivu Kusini huanzia Chicago. Januari 2005, kipindi cha mchana cha Oprah Winfrey kilionyesha taarifa ya mwanahabari Lisa Ling kuhusu ubakaji vitani mashariki mwa Kongo. Mtazamaji mmoja wa Portland, Lisa Shannon, alikimbia maili 30 akichangisha fedha, akaanzisha mbio za Run for Congo Women. Watazamaji wengine wengi wakaanza kuwafadhili wanawake kupitia Women for Women International, shirika la Zainab Salbi. Walipongezwa, na walistahili. Lakini dai kwamba kipindi kile ndicho kilichovunja ukimya halikubaliki.

Ukimya upi? Mitandao miwili ya wanawake wa Kivu Kusini, RFDA na RFDP, ilikuwa imeshirikiana na shirika la International Alert kuandaa ripoti nzima kuhusu ukatili wa kingono katika vita vya 1996 hadi 2003. Ripoti hiyo ilikuwa ikisambaa kwa Kiingereza mwaka uleule wa 2005. Wanawake walikuwa wamekwisha kusema, tena kwa wenzao. Ajabu ni jinsi ripoti hiyo inavyotajwa kwa nadra.

Fizi yenyewe, eneo la Kivu Kusini, imeandikwa sana: waasi wa Simba, Che Guevara mwaka 1965, maficho ya Laurent Kabila huko Hewa Bora, mauaji ya Makobola mwishoni mwa 1998. Karibu yote ni masimulizi ya wenye bunduki.

Ndiyo maana mwaka 2011 unastahili nafasi kubwa zaidi. Siku ya Mwaka Mpya, baada ya ugomvi uliosababisha kifo cha askari mmoja, wanajeshi wa serikali waliuvamia mji wa Fizi, wakapora na kubaka. Médecins Sans Frontières ilitangaza kuwatibu wanawake zaidi ya 30. Wiki chache baadaye mahakama ya kijeshi inayotembea ilikaa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Wanawake 49 walitoa ushahidi, baadhi yao wakiwa wamefunikwa nyuso, huku kamanda wa askari hao, mtuhumiwa, akiwa palepale. Februari 21, luteni kanali Kibibi Mutuare alihukumiwa miaka 20 jela kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Maafisa wenzake watatu walipata adhabu hiyohiyo.

Wapo wanaoiita kesi ile maonyesho ya wafadhili, kwa kuwa fedha za mahakama zilitoka nje. Hoja hiyo ni nyepesi. Mfadhili hulipa mafuta ya gari na posho ya hakimu. Hawezi kumsimamisha mama wa Fizi mbele ya askari ambao kesho anaweza kukutana nao njiani. Zaidi ya hayo, kila aliyesema alimfungulia mwenzake mlango wa kusema. Hoja ya mtafiti Séverine Autesserre, aliyeandika mwaka 2012 kwamba simulizi la ubakaji pekee limeficha migogoro ya ardhi na ya utawala wa vijijini, ina uzito zaidi. Fizi ina migogoro hiyo tele, na hao mashahidi ndio wanaoilipia kwanza.

Kipindi cha Oprah kilimalizika Mei 2011, miezi mitatu baada ya hukumu. Suala la wahanga halikuishia hapo: Desemba 2022 Kongo ilipitisha sheria iliyoanzisha FONAREV, mfuko wa fidia kwa wahanga wa ukatili wa kingono vitani. Mfuko huo ukitafuta pa kuanzia, majalada ya kesi ya Baraka yapo.