Tanzania na Kenya: Nani unaweza kumng'oa kwa kura?

Wadau, kuna ubishi usioisha kwenye vijiwe vya Nachingwea na Ruangwa: eti siasa zetu na za Kenya ni zile zile, tofauti ni majina tu. Si kweli jamani. Nimeziweka tofauti hapa moja moja.

1. DC na gavana. Ma-DC wa Nachingwea na Ruangwa wanateuliwa na Rais. Mkuu wa Mkoa wa Lindi naye vile vile, na wakurugenzi wa halmashauri pia. Sisi tunachagua diwani, mbunge na Rais. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ina kaunti 47, kila moja na gavana wa kuchaguliwa. Kaunti zote kwa pamoja hazipewi chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa.

2. Waziri na mbunge. Kwetu waziri lazima awe mbunge. Ndiyo maana Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, aliteuliwa Waziri Mkuu 2015 na akakaa mpaka 2025. Kenya waziri haruhusiwi kuwa mbunge, na cheo cha waziri mkuu hakimo kwenye Katiba yao. Wa mwisho alikuwa Raila Odinga, 2008 hadi 2013.

3. Kura za Rais. Hapa anayeongoza ndiye mshindi, hata asipofika nusu. Ni hivyo tangu mabadiliko ya Katiba ya 2000. Kenya lazima avuke nusu ya kura, tena apate robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Akikosekana, wawili wa juu wanarudi ulingoni.

4. Mahakama. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu ya 1977 inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Kenya, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, uchaguzi ukarudiwa Oktoba.

5. Mgombea binafsi. Kenya ruksa. Kwetu bila chama hugombei. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda kesi hiyo Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013, lakini ushindi ukabaki kwenye karatasi.

Sisemi Kenya ni peponi. Magavana nao wanaboronga: mwaka 2020 pekee Seneti iliwang'oa wawili, Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi. Lakini ona, njia ya kuwang'oa ipo, na wananchi nao wana kura yao kila baada ya miaka mitano.

Sasa fikiria mkulima wa korosho wa hapa kwetu. Diwani akimwangusha, anamsubiri kwenye sanduku. DC akimwangusha, anasubiri mkeka wa uteuzi kutoka juu. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote tano.

Nawakilisha.