Nani Ameandika Kibandiko? Mwanachuo, Makumbusho ya Chuo Kikuu na Historia ya Kilimanjaro

Wengi wetu tunadhani makumbusho ni mahali pa vyungu na mikuki, mahali ambapo mtu huingia mara moja akiwa shule ya msingi, amepangwa mstari, anakatazwa kugusa, basi kwaheri. Akifika chuo kikuu hana habari nayo tena. Makala haya yanapinga mazoea hayo. Ninadai kwamba makumbusho ya chuo kikuu ni maandishi kabla ya kuwa vitu. Kila kitu kilichomo kina kibandiko, daftari na orodha, na vyote hivyo vimeandikwa na mtu mwenye msimamo wake. Kwa hiyo ni uwanja wetu sisi wahakiki sawa na ulivyo uwanja wa wenzetu wa historia.

Hebu tuanze Old Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi, pamoja na viongozi wengine 18. Huyu ndiye Meli ambaye mwaka 1892 jeshi lake lilishinda kikosi cha Wajerumani, kabla ya kushindwa mwaka uliofuata. Wazee wa Old Moshi wamesimulia kizazi hadi kizazi kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ulaya. Kwa miaka mingi simulizi hiyo ilionekana kama hadithi tu za wazee.

Lakini huko Berlin alikuwapo mtu aliyeitwa Felix von Luschan, mtumishi wa makumbusho ya taifa ya mila za watu na baadaye profesa wa chuo kikuu. Huyu alikusanya maelfu ya mafuvu ya binadamu kutoka makoloni, ili yapimwe kwa ajili ya ile iliyoitwa sayansi ya rangi za watu. Sehemu kubwa ya mkusanyo huo iliishia Charité, hospitali ya chuo kikuu, ikakaa huko mpaka mwaka 2011 ilipohamishiwa kwa taasisi ya urithi wa utamaduni wa Prussia. Taasisi hiyo ilipofanya utafiti juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, 202 yalionekana kuwa ya kutoka Tanzania. Basi tuseme ukweli: watu wa Kilimanjaro waliingia katika mikusanyo ya chuo kikuu zamani sana kabla mtoto wao yeyote hajapata digrii. Waliingia bila majina.

Karibu bila majina, maana hapa ndipo pana jambo linalomhusu mhakiki. Fuvu mojawapo lilikuwa limeandikwa neno moja, nalo ni la Kiswahili: Akida. Aliyeliandika hakuona haja ya kuuliza akida yupi, wa nani, wa wapi. Hata hivyo neno hilo lilisalia kama uzi mwembamba. Watafiti waliufuata, ndugu wa waliouawa wakatoa mate yao ili vinasaba vilinganishwe, na Septemba 2023 ikatangazwa kwamba fuvu hilo ni la Sindato Kiutesha, akida na mshauri mkuu wa Mangi Meli. Mafuvu mengine mawili yalikaribia kulingana kabisa na vinasaba vya ukoo wa Mangi Lobulu Kaaya wa Meru. La Meli mwenyewe halikupatikana, ingawa mjukuu wake, mzee Isaria Meli, alilidai kwa miongo kadhaa na mate yake yalipimwa.

Tazama basi nani alishiriki katika makumbusho hapo. Aliyefungua njia ni mzee wa kijijini aliyekataa kunyamaza; profesa amekuja nyuma yake. Mwaka 2018 maonyesho juu ya Mangi Meli yalifanyika katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Humboldt kule Berlin, na mwaka 2019 yakafunguliwa Old Moshi kwenyewe. Wapo wenzetu wanaosema makumbusho ni mtoto wa ukoloni, tumsuse. Sikubaliani nao. Ukimsusa, vibandiko vinabaki vilevile alivyoviandika yule wa kwanza.

Isidhaniwe pia kwamba watu wa mlimani walikuwa wasimulizi tu, wakingojea mzungu mwenye kalamu. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, alijaza madaftari ya historia ya Wachagga katika miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Charles Dundas aliyatumia kwa kitabu chake cha 1924, na Kathleen Stahl akayategemea kwa historia yake ya 1964. Mtui aliuawa mwaka 1927. Leo mwanafunzi anamtaja Dundas, anamtaja Stahl, na Mtui anabaki tanbihi. Petro Itosi Marealle naye aliandika kwa Kiswahili, mwaka 1947, juu ya maisha ya Mchagga hapa duniani na ahera. Kitabu hicho kingefaa kusomwa mbele ya kila kabati lenye vitu vya Kichagga, kwa sababu kinaeleza vitu hivyo vilitumika na nani na kwa imani gani.

Chukua mfano wa mregho. Ni fimbo iliyochanjwa alama, na mwalimu wa jando aliifuata alama kwa alama akiwafundisha vijana. Kila chale ina somo lake. Mmisionari Bruno Gutmann wa Old Moshi aliandika mafunzo hayo kwa Kijerumani katika majuzuu matatu kati ya 1932 na 1938. Sasa mregho ukiwekwa kabatini na kuandikwa "fimbo ya Wachagga", kibandiko hicho si uongo, lakini kimeua kitabu kizima. Sisi tunaojiita wahakiki wa fasihi simulizi tungepaswa kupiga kelele hapo. Na wanaosoma Kijerumani wana kazi nyingine inayowangoja: kuyaleta maneno ya Gutmann kwa Kiswahili, na kuuliza wazee waliomfundisha yeye walikuwa akina nani.

Je, mwanachuo anaweza kweli? Anaweza, na ushahidi upo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda kusini kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji, wakiongozwa na walimu kama Gilbert Gwassa na John Iliffe. Walichokusanya kilichapwa kwa mashine ya kudurufu, si kwa karatasi ya kumetameta, na hadi leo hakuna anayeandika juu ya vita hivyo bila kukitazama. Makerere nao katika miaka ya 1940 waliuhifadhi mkusanyo wa Makumbusho ya Uganda katika shule yao ya sanaa chini ya Margaret Trowell. Hakuna aliyengojea jengo la fahari.

Wale wa 1968 waliwahi. Mashahidi wa vita walikuwa bado hai. Wa 1900 wetu wamekwisha zamani. Waliobaki ni wale waliomwona Thomas Marealle akiwa Mangi Mkuu, cheo kilichokoma mwaka 1960. Aliyekuwa na miaka 15 siku zile sasa yuko kwenye themanini. Moshi leo ina Ushirika, ina Mwenge, ina chuo cha udaktari pale KCMC, na kila likizo mamia ya wanafunzi wanapanda Kibosho, Marangu, Machame na Rombo kula ndizi za nyumbani. Mkononi kila mmoja ana simu yenye kinasa sauti. Kinachokosekana ni daftari la mapokezi na mtu wa kulitunza.

Pa kuanzia si lazima pawe fuvu wala mregho. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa kiliundwa mlimani mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Katika nyumba nyingi za vihamba bado zipo risiti za kahawa, zimekunjwa ndani ya Biblia au kopo la chai. Risiti ina jina la babu, ina uzito wa mzigo, ina tarehe. Mwombe bibi akusimulie siku ile pesa ilipoingia ilinunua nini, uandike nyuma ya nakala, na chini yake uweke jina lake yeye, siyo "mzee mmoja wa Kichagga".