Tartibu ya Vyumba katika Nyumba ya Mawe ya Lamu

Mtu aliyekusudia kujenga nyumba ya mawe katika mji wa Lamu, katika karne ya 18, hakuhitaji karatasi wala kalamu ya kuchorea ramani. Alikuwa na kiwanja, alikuwa na binti anayekaribia kuolewa, na alikuwa na mwashi aliyeipokea kazi yake kwa wakubwa waliomtangulia, na kwa mambo hayo matatu nusu ya nyumba ilikuwa imekwisha kuwazwa kabla ya msingi kuchimbwa. Nusu iliyobaki iliamuliwa na mti.

Boriti za mkoko, ambazo Waamu, yaani watu wa Lamu, walizikata katika mikono ya bahari izungukayo visiwa vyao na kuzihesabu kwa korija, ishirini ishirini, ndizo zilizobeba dari, na dari yenyewe haikuwa kitu chepesi: juu ya boriti yalipangwa mawe bapa, juu ya mawe ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, na chokaa hiyo ikapigwapigwa kwa vipande vya miti siku baada ya siku mpaka ikashikamana na kukataa maji. Mzigo wa namna hiyo haumruhusu mtu kuinyoosha boriti mbali atakavyo. Kwa hiyo upana wa chumba ukawa dhiraa sita hivi, na aghalabu haukuzidi mita 3, na tajiri mwenye majahazi baharini hakuweza kununua upana zaidi ya huo kwa fedha yake yote. Urefu alijiamulia mwenyewe. Upana aliamuliwa na mkoko. Kaida hiyohiyo ilivuka bahari pamoja na miti yenyewe, maana boriti za Lamu zilipakiwa majahazini kwenda Ghuba, na huko Kuwait, Bahrain na Basra vyumba vya kale navyo vilikuwa vyembamba kwa sababu ileile.

Basi nyumba ya Lamu ikawa ni safu za vyumba virefu vyembamba, vilivyolazwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine, na nuru ikiingia kwa upande mmoja tu. Mwashi asiye na fikira angeliona hilo kuwa ni dhiki. Waashi wa Lamu waliifanya dhiki hiyo kuwa hekima, kwani waliona ya kuwa chumba kilicho nyuma ya chumba kina faragha kuliko kilicho mbele yake, na ya kuwa giza linaloongezeka kadiri mtu aingiavyo ndani laweza kutumiwa kupima nani afike wapi. Hapo ndipo ilipo siri ya ramani yao yote. Swali la kwanza la mpango wao halikuwa idadi ya vyumba, bali ni nani atakayeingia katika nyumba hii na atakomea wapi.

Mgeni alianzia katika daka, ukumbi mdogo ulio nje ya mlango, wenye baraza za mawe kuume na kushoto. Hapo bwana wa nyumba aliketi alasiri, akapokea salamu za wapita njia, akaamua madai madogo, akanywa kahawa, na watu wengi aliojuana nao umri wake wote hawakupata kuvuka kizingiti chake wala hawakuona uchungu kwa hilo. Aliyeruhusiwa kupita mlango wa nakshi aliingia tekani, na tekani haikukabili ua moja kwa moja, bali njia yake ilipindishwa, hata mlango ukiwa wazi kutwa nzima macho ya mtu wa njiani yaligonga ukuta. Baada ya pindo hilo ndipo alipofika katika kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, ambamo nyumba nzima ilipata pumzi na mwanga wake, kwa kuwa kuta za nje zilikuwa nene na madirisha yake machache.

Karibu na tekani kilijengwa chumba cha wageni wanaume, kiitwacho sabule, na mahali pake hapakuchaguliwa kwa bahati tu. Wafanyabiashara wa Arabuni na Bara Hindi walikuja na pepo za kaskazi na hawakuweza kurudi mpaka kusi ivume, kwa hiyo mgeni wa Lamu hakuwa mgeni wa kula na kuondoka; alikuwa mgeni wa miezi, mwenye bidhaa, mwenye hesabu, na pengine mwenye mahitaji ya usiku wa manane. Ilibidi akae ndani ya nyumba bighairi ya kuwamo nyumbani. Sabule ilimpa heshima yake yote, ikampa mlango wa kwenda na kurudi, na ikawaachia watu wa nyumba sitara yao kamili. Katika mambo yote ya ramani hii hili ndilo linalonipendeza zaidi, maana ukarimu wa watu wengi huharibika palipo na wageni wa muda mrefu, na Waamu waliulinda ukarimu wao kwa ukuta mmoja uliowekwa mahali pake.

Ng'ambo ya kiwanda palikuwa na msana wa tini, ulio wazi kuelekea uani bila ya mlango, na nyuma yake msana wa yuu, na sakafu ya kila chumba iliinuliwa kidogo kupita ya kile kilichotangulia, hata mtu aendaye ndani akawa anapanda bila ya kuwa na ngazi ya kupanda. Katika ncha za misana hiyo viliwekwa vitanda virefu vya kupandia, na mapazia yakatundikwa, na hivyo chumba kimoja kikawa ni sebule katikati na malazi pembeni. Nyuma ya misana ndipo palipokuwa na ndani, chumba cha bibi wa nyumba, chenye milango ya kufungwa. Na nyuma ya ndani, palipokuwa na nafasi, nyumba ya kati, chumba chenye giza kuliko vyote. Jina hilo la mwisho lamfanya msikilizaji adhani ni chumba cha kupitia tu. Kumbe ndicho kilichokuwa kitovu cha maisha: humo watoto walizaliwa, humo maiti walioshwa, humo mjane alikaa eda yake. Wazee hao waliona kuwa kuzaliwa na kufa ni mambo yanayostahili kutengewa chumba tangu siku ya msingi, nasi leo tumeyapeleka hospitalini, wala hatuyapi hata pembe moja katika ramani zetu.

Ukuta wa ndani ulipambwa kwa vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyewe, safu juu ya safu, mpaka karibu na boriti. Fundi alivichonga kwa chokaa laini, kwa subira ya ajabu, na ndani yake zikawekwa sahani na mabakuli ya Uchina, vitabu na mitungi midogo ya marashi. Na kwa kuwa chumba ni chembamba na hakina dirisha, weupe wa chokaa na mng'ao wa vyombo vilikusanya nuru haba itokayo uani na kuitawanya tena. Pate, Siyu na miji mingine ya visiwa hivyo ilikuwa na kuta kama hizo, na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoiombolezea Pate katika utenzi wa Al-Inkishafi aliyaona majumba hayo yakiwa matupu.

Choo nacho kilipangwa kwa uangalifu ambao wajenzi wengi wa leo hawana. Kila sehemu ya kulala iliyo kubwa ilikuwa na choo chake karibu, shimo lake likichimbwa kwenda chini sana, na kando yake birika la maji lililojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa iliyosuguliwa ikawa nyororo. Katika sakafu ya birika mwashi alizamisha bakuli la kaure, likabaki na maji hata birika linapokauka, na humo waliishi samaki wadogo wenye kazi ya kula viluwiluwi vya mbu. Mtu aliyekwenda kutawadha alfajiri aliwakuta wakizunguka kwa utulivu. Jikoni kulikuwa juu kabisa, darini, chini ya paa la makuti, ili moshi na harufu vichukuliwe na upepo na moto uwe mbali na vyumba.

Nyumba kama hiyo haikumalizika kujengwa kwa kweli maadamu mwenyewe alikuwa na mabinti. Desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa kwamba binti hapelekwi kwa mumewe, bali mume huja kwa binti, katika maskani ambayo baba amemwandalia, na fungate ya siku saba ilikaliwa humo. Kwa sababu hiyo kuta za chini zilijengwa kwa unene wa kubeba ghorofa ambayo bado haijakuwapo, na binti wa kwanza akapewa ghorofa ya juu, na wa pili kiwanja cha jirani, na nyumba hizo mbili zikaunganishwa kwa wikio, chumba kilichojengwa hewani juu ya njia ya mtaa, ili dada na mama waonane bila ya kushuka barabarani. Mtu apitaye leo katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani chini ya mawikio hayo anapita chini ya mikataba ya ndoa.

Yapasa kusemwa pia, wala si haki kulifunika, kwamba sitara hii ilikuwa na waliotengwa nayo. Ghorofa ya chini ya majumba makubwa aghalabu ilikuwa ya bidhaa na ya watumwa, na mtumwa ndiye aliyeteka maji, aliyepanda na vyakula darini, na aliyetumwa nje ili bibi asitoke. Msanifu aliyepima kwa makini nani aonwe na nani asionwe hakumhesabu mtu huyo katika wanaostahili kusitiriwa. Utumwa ulifutwa katika sheria mwaka 1907 upande wa Kenya. Mashamba ya bara yaliyowalisha waungwana yakakosa mikono, na hamu ya kujenga majumba ya namna hiyo ikapungua pamoja na uwezo. Nayasifu maarifa ya waashi hao kwa moyo wote, walakini siwezi kuisifu nyumba yao nikamsahau aliyelala penye magunia.

Asili ya ramani hii ni ya kale kuliko Lamu tuionayo. Huko Gedi, karibu na Malindi, mahali ambapo mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, nyumba za karne ya 14 na 15 zina ua ulioshushwa chini ya sakafu za vyumba, na nyuma yake chumba kirefu, na nyuma ya hicho vyumba vya kulala na ghala; na baadhi ya ghala hazikuwa na mlango, bali tundu lililo juu ukutani, la kuingilia kwa ngazi. Songo Mnara, katika visiwa vya Kilwa, kuna safu zilezile za vyumba vyembamba. Na kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, chini ya misingi ya mawe yalionekana mashimo ya nguzo za nyumba za miti na udongo za tangu karne ya 8, na hiyo ni hoja nzito dhidi ya wale waliodhani nyumba ya Mswahili ililetwa ikiwa tayari kutoka ng'ambo.

Miji mipya ilipokua, mawe na nafasi vikawa haba, na nyumba ikabadilika umbo. Katika Kariakoo ya Dar es Salaam, na katika Majengo ya Mombasa, ikaenea nyumba ya vyumba sita: baraza mbele, ukumbi unaopasua katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma kwenye jiko na choo. Ilikuwa rahisi kujengwa kwa miti na udongo, na rahisi kupangishwa chumba kimoja kimoja, na kwa ajili hiyo nyumba ya jamaa moja ikawa ya jamaa nyingi. Faragha ilipungua sana humo. Hata hivyo wanaume walibaki barazani, wanawake uani, na mgeni alisimama mlangoni akapiga hodi, kwa hiyo nasema kwamba mjukuu huyu, ingawa ni maskini, alirithi adabu za babu yake.

Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na nyumba nyingi zimetengenezwa tangu hapo, nyingine na watu waliozinunua kutoka mbali, ambao huipenda nakshi ya mlango lakini huivunja tekani ili waingiapo waone ua mara moja, wakageuza nyumba ya kati kuwa stoo. Vitu hivyo havirudi. Nawasihi wenye nyumba za kale, wa Lamu, Siyu, Pate na Mombasa, kabla hawajauza wala kubomoa ukuta hata mmoja, wamkalishe mkubwa wa ukoo katika kila chumba, wamwulize jina la chumba hicho na nani aliruhusiwa kuingia humo, wapime upana wake kwa dhiraa na kwa mita, na wayaandike.