Mstaarabu ni Nani?

Twawausia wanafunzi wetu wawe wastaarabu, lakini ni mara chache tunalichunguza neno lenyewe. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu, istaaraba, yaani kufuata mwenendo wa Waarabu. Hapo kale watu wa pwani walisifu uungwana. Ustaarabu ulienea katika karne ya 19, zama za masultani wa Unguja. Karne hiyo hiyo misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Karagwe.

Je, kabla ya misafara hiyo, wakazi wa kando ya Ziwa, tangu Bukoba hadi Kimwani, hawakuwa na ustaarabu? Ardhi yatujibu. Mwaka 1978 wataalamu Schmidt na Avery walitangaza habari za matanuri ya kale ya Buhaya, ambamo chuma kiliyeyushwa kwa ufundi mkubwa yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Hatusemi neno hili litupwe. Lugha hukua kwa kukopa, na leo mstaarabu ni mtu yeyote mwenye adabu na utu. Twasema tu kwamba wahunzi wale wasipimwe kwa kipimo kilichofika baada yao.